Harufu ya petroli ndani ya gari: inakuja wakati gani?

Swali: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Tororo, naendesha Toyota Premio ya 2004. Nikijaza tangi mpaka juu, ndani ya gari kunanuka petroli, na watoto wanaokaa nyuma wanalalamika kichwa kinauma. Likifika nusu harufu inaisha. Fundi wa hapa amebadilisha kifuniko cha tangi, plagi na mpira wa mafuta upande wa injini, bado. Pampu ya mafuta ilibadilishwa mwaka jana. Sasa ananiambia ninunue injekta zote nne. Ninunue?

Jibu: Mwalimu, pole sana, na usinunue injekta hizo. Jibu umeliandika mwenyewe: tangi likijaa kunanuka, likifika nusu kunatulia. Injekta, kile kidude kinachopuliza petroli ndani ya injini, haijui tangi lina lita ngapi. Hupokea mafuta kwa presha ileile, kama baa 3 hivi, tangi liwe limejaa au limebaki na lita tano. Ingekuwa ndiyo inayovuja, ingenuka siku zote, hasa alfajiri gari likiwa la baridi, maana oringi zake, zile pete za mpira, zikizeeka hukakamaa na haziwezi kuziba vizuri mpaka zipate joto.

Ndiyo maana mteja akiniletea gari linalonuka, sifungui boneti kabla ya kumuuliza linanuka wakati gani. Kama ni ukiwasha feni, tafuta upande wa injini, kwa sababu feni huvuta hewa chini ya kioo cha mbele. Kama ni kwenye foleni na ekzosi inatoa moshi mweusi, injini inamwagiwa mafuta mengi kuliko inavyoweza kuchoma. Hapo chomoa kijiti cha oili unuse, kwani petroli ikiingia kwenye oili, injini inasagika. Na kama ni baada ya kujaza, shida iko juu ya tangi au kwenye shingo lake.

Nikuulize na hili bila kukulaumu: hubebi dumu la petroli kwenye buti? Tangu Januari 2022, malori ya mafuta yalipokwama mpakani Malaba na Busia na lita ikafika shilingi 10,000 za Uganda sehemu nyingine, wengi wamezoea kutembea na akiba. Yale madumu ya manjano ya mafuta ya kupikia hayakutengenezwa kwa petroli. Jua likiwaka huvimba na kupumua kupitia kifuniko. Kama unalo, litoe leo.

Ila ninachokishuku zaidi ni ile pampu ya mwaka jana. Kwenye Premio pampu imezama ndani ya tangi, na mlango wake uko chini ya siti ya nyuma, palepale wanapokaa watoto. Katikati ya pampu na tangi kuna gasketi ya mpira. Ukiifungua baada ya miaka mingi unakuta imelowa na kuvimba, imekuwa kubwa kuliko mfereji wake, hairudi mahali pake hata uisukume vipi. Inatakiwa kutupwa, iwekwe mpya. Fundi mwenye haraka huirudisha ileile na kuipaka silikoni ya kawaida. Petroli huilainisha silikoni hiyo mpaka inabanduka vipandevipande. Tangi likiwa nusu huoni kitu, likijaa mafuta yanacheza hadi kwenye kifuniko cha pampu kila ukipanda tuta, na mvuke unapanda kwenye siti.

Mwombe fundi wako mfungue pamoja, nje kabisa, milango yote wazi, mbali na sigiri na mtu anayevuta sigara. Aanze kwa kuchomoa waya wa hasi wa betri. Mwanga uwe tochi, isiwe kiberiti wala taa ya waya. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kwenda kukutana na moto hatua kadhaa kutoka hapo ulipo. Nimeona nyusi za mwanafunzi wangu zikiungua kwa cheche ya grainda iliyokuwa ikifanya kazi gari la pili, na sitaki mtu mwingine apitie hapo.

Mkiinua siti mtaona bati dogo. Liondoeni, msifute chochote kwanza. Angalieni vumbi. Vumbi letu jekundu la maramu likikaa kavu na sawasawa pande zote, pampu haina kosa. Likiwa na duara jeusi lililolowa, au sehemu imeoshwa ikabaki safi huku pembeni kuna vumbi, mmeshapata. Kama hamna uhakika, futeni pakauke, kisha chukua chaki zako za darasani, zisage, unyunyize unga wake kuzunguka gasketi na kwenye maungio ya mipira. Jaza tangi, endesha kilomita mbili tatu ukiwa peke yako, vioo vikiwa wazi, uangalie papo hapo kabla petroli haijakauka. Chaki iliyolowa itakuonyesha pa kushika.

Pakiwa pakavu kabisa, ingieni chini ya gari mkague mpira unaotoka mdomo wa kujazia hadi kwenye tangi. Huo hupasuka karibu na klampu, upande wa juu usioonekana, kwa hiyo mpitishe kidole mzunguko mzima. Na kituoni mwambie mhudumu aishie pale bomba linapojikata. Kubanabana ili shilingi zitimie hupeleka petroli kwenye kopo la mkaa, ambalo kazi yake ni kunasa mvuke tu, na likilowa huharibika.

Mpaka mtakapopaona panapovuja, usijaze zaidi ya nusu na watoto wasipande gari hilo. Ukikuta petroli inadondoka upande wa injini, usiliwashe kabisa, likokotwe.

Baada ya gasketi mpya bado utasikia harufu siku kadhaa, kwa sababu sponji ya siti na zulia vimeshakunywa mvuke. Vianike juani. Ukitaka kujua kama kazi imekamilika, nusa pale penye bati tangi likiwa limejaa.