Shajara za zamani: glavu au mikono mitupu?

Umeuliza kama ni lazima kuvaa glavu ukienda kusoma shajara na barua za zamani kwenye hifadhi ya nyaraka ya chuo kikuu. Kwa karatasi, mara nyingi hapana: nawa, kausha mikono vizuri, basi. Glavu za pamba zinafanya vidole vizito, na ukurasa mkavu unachanika ukiugeuza, hasa pale wino wa zamani wenye chuma umeshaila karatasi hadi mistari imetoboka. Picha ndizo zinataka glavu, kwa sababu ya jasho. Kalamu ya wino iache nje, ingia na penseli. Ukikuta barua zimeruka tarehe usizipange upya (najua mkono utawasha!), mwite mhudumu.