Lehemu ikiwa mpakani: kwa nini nilipima mishipa ya moyo kabla ya kuanza dawa

Ndugu, umeuliza kama uanze dawa sasa kwa kuwa lehemu yako mbaya (kolesteroli ya LDL) imefika 3.9 mmol/L, au ukapime kwanza mishipa ya moyo. Hukutaja umri wako wala afya ya wazazi, na bila hayo 3.9 haisemi mengi. Mimi nilikuwa na miaka 49, LDL 4.1, presha na sukari zikiwa sawa. Lakini baba yangu alipata mshtuko wa moyo akiwa na miaka 52, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Daktari alinipa miezi mitatu ya kurekebisha chakula. Kwetu Tanga mbaazi bila nazi haziliki, kwa hiyo mke wangu akaliacha tui la kwanza, lile zito linaloganda mafuta kwenye ukingo wa sufuria, akawa anapikia tui la pili, na samli ikabaki ya sikukuu. Nilipimwa pia homoni za tezi ya shingo, maana tezi ikilegea lehemu hupanda, na tiba yake huwa nyingine. Tezi ilikuwa salama, na LDL ikashuka hadi 3.6.

Kwa historia ya baba, bado sikutulia. Tukakubaliana nipigwe picha ya CT inayoonyesha chokaa kwenye mishipa ya moyo: hakuna sindano ya dawa, unalala, unabana pumzi, na baada ya dakika chache umemaliza. Tulikuwa tumeshaafikiana kwamba alama ya chokaa ikitoka sifuri, yaani chokaa haionekani, tungesubiri. Ilitoka 86. Nilianza atorvastatini, dawa ya kushusha lehemu, miligramu 20 wiki hiyo hiyo, na baada ya wiki nane LDL ilikuwa 2.1.

Kwa maoni yangu, picha hiyo ilipiwe pale tu ambapo jibu lake litabadilisha uamuzi. Mwenye kisukari aliyevuka miaka 40, mwenye LDL ya 4.9 na zaidi, au aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo, huyo anahitaji dawa hata bila picha. Tena sifuri si kinga kamili, kwa sababu mafuta laini ambayo hayajashika chokaa hayaonekani, hasa kwa vijana.

Nakusihi jambo moja: namba ikishuka usiache dawa bila kuongea na daktari, kwani ni dawa inayoishikilia hapo. Mdogo wangu wa baba mmoja ana miaka 44 na hajawahi kupima. Jumatatu nampeleka mwenyewe.