Mkuki wa futi 10 na mshazari

Shekhe, uliuliza kama kwenye ubao wa miraba wa michezo ya kuigiza wahusika, mkuki mrefu wa futi 10 unampata adui aliye mraba wa pili kwa mshazari. Unampata. Mchezo wa Dungeons & Dragons toleo la 5 huhesabu kila mraba futi 5, hata wa mshazari, basi miwili ni 10 tu. Pathfinder toleo la 2, mchezo mwingine wa aina hiyo, ndiyo yenye kazi: ukitembea, mshazari wa kwanza futi 5, wa pili 10, kisha 5 tena. Kwa hesabu hiyo mkuki ungepungukiwa, ila kanuni imeisamehe silaha ya futi 10. Na hao wenzio wa Michenzani wanaokata kona ya ukuta kama kete ya dama, wazuie! Dungeons & Dragons toleo la 5 halikubali.