Maswali ya Wasomaji: Mifumo Endeshi Iliyosambazwa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa 3 wa sayansi ya kompyuta. Muhula huu tunasoma mifumo endeshi iliyosambazwa, na sehemu kubwa ya somo inahusu mifumo kama Amoeba na Sprite, ambayo sijawahi kuiona ikitumika popote. Vilevile mada ya saa za kimantiki inanitatiza: kila kompyuta ina saa yake, basi kwa nini tusiitumie hiyo? Mtihani unakaribia nami nimebaki kukariri tu. Naomba ushauri.

JIBU: Ndugu msomaji, malalamiko yako kuhusu mifumo ya zamani yana msingi, lakini naomba uitazame kwa jicho jingine. Amoeba iliyotengenezwa Amsterdam chini ya Andrew Tanenbaum, na Sprite ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya John Ousterhout, zote zilikuwa na shabaha moja katika miaka ya 1980: kompyuta nyingi zilizounganishwa kwa mtandao zionekane kwa mtumiaji kana kwamba ni kompyuta moja. Sprite, kwa mfano, iliweza kuhamisha mchakato (yaani programu inayoendelea kuendeshwa) kutoka mashine yenye kazi nyingi hadi mashine iliyokaa bure, na mwenye mashine hiyo aliporudi, mchakato wa mgeni ukaondolewa. Mifumo hiyo haikuenea, lakini kazi yake haikufa. Leo Kubernetes, iliyotangazwa na Google mwaka 2014, ndiyo inayoamua programu ipi iendeshwe kwenye mashine ipi na kuiwasha upya inapoanguka, isipokuwa kazi hiyo sasa inafanyika juu ya Linux badala ya kuwa ndani ya mfumo endeshi wenyewe. Anayeielewa Sprite hapati shida kuelewa tatizo ambalo Kubernetes inalitatua. (Hata lugha ya Python ina deni kwa Amoeba, kwani Guido van Rossum alikuwa akifanya kazi katika mradi huo alipoanza kuibuni mwishoni mwa 1989.)

Kiini cha somo lote, kwa maoni yangu, ni jambo moja ambalo walimu wengi hulitaja kwa haraka mno: kompyuta haiwezi kujua kwa hakika kama mwenzake amekufa au amechelewa tu. Chukua programu inayotuma ombi kwa seva, «punguza 10 kwenye akaunti hii», kisha muda wa kusubiri ukaisha bila jibu. Huenda ombi lilipotea njiani. Huenda seva ilizimika kabla ya kulitekeleza. Huenda seva ililitekeleza kikamilifu na ni jibu lililopotea. Kwa aliyetuma ombi, hali zote hizo zinafanana kabisa. Akirudia ombi, akaunti inaweza kupunguzwa mara mbili. Asiporudia, pengine haijapunguzwa kamwe. Ndiyo sababu kila ombi hupewa namba yake ya pekee, na seva huhifadhi namba pamoja na majibu iliyokwisha kutoa, ili ombi lilelile likija tena irudishe jibu la awali bila kutekeleza upya. Tena kumbukumbu hiyo lazima iandikwe kwenye diski pamoja na badiliko lenyewe, la sivyo seva ikizimika kati ya hatua hizo mbili tunarudi palepale tulipoanzia.

Sasa tuje kwenye saa. Saa ya kompyuta inayokosea kwa sehemu 1 tu kati ya 1,000,000 hupotoka sekunde 1 kila baada ya siku 11 au 12, na ndani ya sekunde moja seva hupokea maelfu ya ujumbe. Saa zinaweza kusahihishwa kupitia mtandao, lakini usahihishaji nao hutegemea ujumbe ambao muda wake wa safari haujulikani barabara. Mwaka 1978 mtaalamu wa kompyuta Leslie Lamport alionyesha katika makala yake kwamba mara nyingi hatuhitaji kujua saa ngapi. Tunahitaji kujua lipi lilitangulia lipi. Kila mchakato huwa na kihesabio kinachoongezeka kwa 1 katika kila tukio, nacho ndicho kinachoitwa saa ya kimantiki. Mchakato A ukituma ujumbe wenye namba 7 kwa mchakato B ambao kihesabio chake kiko 3, B huruka hadi 8, kwa sababu kupokea hakuwezi kutangulia kutuma. Hapo wengi huteleza: tukio lililosababisha jingine lina namba ndogo zaidi, lakini namba kuwa ndogo hakuthibitishi kwamba tukio lilitangulia. Ukitaka uthibitisho huo, unahitaji saa za vekta, ambamo kila mchakato hubeba kihesabio cha kila mwenzake.

Kwa hiyo acha kukariri, uchukue karatasi. Chora mstari mmoja kwa kila mchakato na mishale ya ujumbe kati yake, kisha ufute mshale mmoja baada ya mwingine ukijiuliza nani sasa anaamini nini. Makala ya Lamport ni fupi na hisabati yake inafikika, isome yenyewe. Baadaye soma kuhusu Raft, njia ya kuzifanya seva kadhaa zikubaliane juu ya uamuzi mmoja hata baadhi zikianguka, iliyochapishwa mwaka 2014 na Diego Ongaro pamoja na Ousterhout yuleyule wa Sprite, ambao waliibuni kwa nia ya wazi kwamba ieleweke kwa urahisi. Jiulize kwa nini seva 5 huvumilia kuanguka kwa 2: kila uamuzi huhitaji kukubaliwa na seva zilizo wengi, yaani angalau 3, na makundi yoyote mawili ya seva 3 kati ya 5 lazima yawe na angalau mwanachama mmoja wa pamoja, naye ndiye anayebeba habari ya uamuzi uliopita.

SWALI: Je, mazoezi ya somo hili yanawezekana kwa kompyuta moja tu?

JIBU: Yanawezekana. Endesha michakato mitatu inayozungumza kwa soketi (njia ambayo programu hutumiana ujumbe), weka msimbo unaotupa baadhi ya ujumbe kwa bahati nasibu, na uue mchakato mmoja katikati ya kazi. Kumbuka tu kwamba michakato hiyo inatumia saa moja ya mashine, hivyo ukitaka kuona athari za saa zisizolingana, ongeza tofauti ya makusudi kwenye muda unaosomwa na kila mchakato.