Mimba kutoka mara kwa mara: mpimwe wote wawili

Pole sana dada. Unauliza mimba tatu zinatokaje na nyote ni wazima. Inawezekana. Katika kila ndoa 100 zenye tatizo hili, kama 2 hadi 5 mmoja wao ana kromosomu (nyuzi ndani ya seli zinazobeba urithi, kila moja na namba yake) zilizobadilishana vipande, au mbili zilizogandana, mfano ya 13 na ya 14. Mwenyewe haumwi chochote, ila yai au mbegu yake huweza kubeba kipande pungufu au cha ziada, mimba ikatoka. Na mawifi wasikusute, mume naye huweza kuwa ndiye. Ombeni kipimo cha damu cha kariotipu, kinachoangalia idadi na umbo la kromosomu, wote wawili. Wengi wenye kromosomu za namna hii hatimaye hupata mtoto mzima kwa njia ya kawaida, isipokuwa pale zilipogandana mbili za namba moja, mfano 21 kwa 21.