Ngome haivuji

Mwanangu,

Umeuliza kama ni sawa kuandika "ngome ya chama" na "ngome ya timu", maana mhariri wako kakurudishia habari akisema neno hilo ni la wanajeshi. Ni sawa, ila uijue kwanza ngome yenyewe.

Ngome ni jengo la kudumu la kujihami. Chukua Ngome ya Yesu, Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe, mlangoni mwa bandari. Ukuta mnene peke yake hautoshi. Pembeni mna buruji nne, yaani sehemu za ukuta zilizochomoza nje, ili aliye kwenye buruji moja ampige kutoka ubavuni adui anayeparamia ukuta. Ukuta usio na buruji huacha mahali chini yake ambapo mlinzi hamwoni adui mpaka achungulie, na akichungulia amejianika.

Ndiyo maana neno limewakaa vizuri watangazaji wa kandanda. Ngome ya timu ni mabeki wanaozibiana nafasi: wa pembeni akipanda, wa kati anasogea. Beki mmoja, hata awe hodari vipi, si ngome. Na ngome hupenywa, huvunjwa, hubomolewa. "Ngome ilivuja" mimi ningelikata. Kuvuja ni kwa paa na mtumbwi.

Kwenye siasa neno limechakaa, kila penye umati hupaita ngome. Eneo huwa ngome ya chama pale wapinzani walipolijaribu chaguzi kadhaa wakashindwa. Mgombea aliyejaza uwanja mara moja ana kambi, na kambi ni mahema, hung'olewa asubuhi. (Boma usilichanganye humu. Hilo ni uzio, hata wa ng'ombe.)

Kuhusu kuanguka: Waarabu wa Omani waliihusuru, yaani waliizingira, Ngome ya Yesu kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Maradhi ndiyo yaliyowamaliza wengi wa waliokuwa ndani, na ilipotekwa walinzi walikuwa wachache mno. Kwa hiyo wafuasi wa chama wakichoka, wakabaki nyumbani siku ya kura na jimbo likaenda, andika "ngome imeanguka" bila wasiwasi. Chama kikipoteza viti viwili kati ya kumi, andika kimepoteza viti viwili.

Mama yako