Bibi harusi wa Kigujarati na sari nyeupe

SWALI: Shikamoo Shangazi. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo anaolewa Ahmedabad, Gujarat, kwa ndoa ya Kihindu, na amenialika. Kanitumia picha ya sari yake: nyeupe, pindo jekundu! Mama ameshtuka, anasema kwa Wahindu nyeupe ni ya msiba. Nami nimeshanunua sari nyekundu. Niivae? Na zawadi nipeleke nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama ana haki ya kushtuka, maana nyeupe tupu ni nguo ya mazishini na ya wajane. Lakini hiyo ya rafiki yako si nyeupe tupu. Inaitwa panetar, ni hariri yenye pindo jekundu, na kwa desturi hutoka kwa jamaa za bibi harusi, mara nyingi kwa mjomba, ndugu wa mama yake. Baadaye watu wa upande wa mume humletea gharchola, nguo nyingine ya kujitanda, akatandwa juu ya ile panetar. Hapo utamwona amevaa nguo ya kwao na nguo ya kwa mume kwa pamoja. Mimi hilo hunigusa kuliko dhahabu zote atakazopambwa.

Iangalie hiyo gharchola kwa karibu. Kitambaa hufungwa mafundo madogo madogo kwa uzi kabla ya kuchovywa kwenye rangi, nyekundu aghalabu, na nyuzi za zari, zile za kung'aa kama dhahabu, hukatizana zikafanya miraba. Ndani ya miraba mna tembo, kasuku, yungiyungi. Za kiasili huwa na miraba 12 au 52. Hizi za kuchapwa kwa mashine, nisamehe, sina hamu nazo.

Sasa sari yako. Nyekundu iache kabatini. Hakuna atakayekufukuza, ila siku ile rangi hiyo ni ya mwenyewe. Nyeusi pia usivae. Chukua kijani, zambarau au buluu iliyokolea, na mtandio wa sari uupitishe nyuma, ushukie mbele juu ya bega la kulia, ndivyo wanavyofunga Wagujarati. Siku ya pithi, wanapomsinga bibi harusi kwa manjano, vaa nguo usiyoionea uchungu, kwani wageni nao hupakwa, na manjano hayatoki.

Kwenye ndoa yenyewe watauzunguka moto mara nne. Usishangae kama umezoea kusikia saba. Saba ni hatua wanazopiga pamoja baada ya hapo. Sheria ya Ndoa za Kihindu ya mwaka 1955 inasema, pale ambapo hatua hizo ni sehemu ya ibada, ndoa hukamilika ikipigwa ile ya saba. Basi usikimbilie chakula mapema!

Zawadi ni pesa ndani ya bahasha, na hesabu iishie na moja: rupia 501, 1,001, au uwezavyo. Madukani utapata bahasha zenye sarafu ya rupia moja iliyokwisha kubandikwa. Chupa ya mvinyo usithubutu, Gujarat pombe ni marufuku.

Na utakapovua viatu kuingia kwenye mandap, yaani kibanda kinachofungiwa ndoa, usiviweke karibu na vya bwana harusi. Wadogo zake bibi harusi huviiba vile vya shemeji yao, na hawavirudishi mpaka awalipe.